Kondoo Akichechemea, Hiyo Si Dansi

Leo sina kichekesho. Leo nina deni, na nimekuja kulilipa hapa hapa mahali nililikopa.

Wale mmekuwa na mimi kitambo mnakumbuka ile video ya kondoo anayedansi. Kama hukuiona, ilikuwa hivi. Tarehe 14 Aprili 2024, Jumapili, mvua ilikuwa imepungua kidogo. Nilikuwa nimesimama kwa geti ya shosho hapa Uthiru, na yule dume mpya tuliyemnunua sokoni akapita mbele yangu akiinua mguu wa mbele wa kushoto kila hatua. Juu, chini, juu, chini, na kichwa kikiitikia. Nikaona biti. Nikaweka ngoma ya mtaa chini yake, nikaandika "Dume la Uthiru limeingia na stepu zake", nikapost. Watu elfu 48 waliitazama. Hakuna kitu nilikuwa nimewahi kuweka ikafika hapo.

Siku chache baadaye nikaweka ya pili. Kondoo jike mmoja wa shosho alikuwa anakula nyasi akiwa amepiga magoti ya mbele. Mtu akaandika, "Huyu amebarikiwa, anaombea chakula." Nilicheka mpaka machozi. Nikaibandika hiyo komenti juu kabisa.

Tarehe 3 Mei, siku kumi na tisa baada ya ile video ya kwanza, kondoo watano kati ya kumi na mmoja wa shosho walikuwa wanachechemea. Yule aliyekuwa "anaomba" alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Alikuwa hawezi kusimama muda wa kutosha kunyonyesha, na maziwa yalikuwa yameanza kukauka kwa sababu hakuwa anakula vizuri. Mtoto alikufa usiku wa kuamkia Jumamosi. Shosho ndiye alimpata, mimi nilikuwa nimelala.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na nitausema mara moja halafu nieleze: kondoo akichechemea leo, aangaliwe leo na atibiwe leo. Sio jua likitoka. Sio wikendi. Na kama wewe ni wa umri wangu na simu iko mkononi, wewe ndiye wa kwanza kuona, kwa hivyo wewe ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Najua mwingine ashaanza, "Manze, kondoo tena? Si wewe ni wa Nairobi?" Kwani Nairobi ni gani unayoijua? Toka hapa steji ya Uthiru utembee dakika kumi tu uelekee upande wowote. Utapata ploti za bedsita za ghorofa tano, na katikati yake kuna kipande cha shamba cha shosho wa mtu ambaye amekataa kuuza. Hapo kuna ng'ombe mmoja au wawili, kuku, na kondoo. Wanatolewa asubuhi kula nyasi kando ya barabara, jioni wanarudi wenyewe wakijua geti. Hao kondoo si pambo. Kwetu ndio karo ya binamu yangu, ndio doo ya hospitali, ndio kitu shosho anauza Desemba bila kuomba mtu ruhusa. Hakuna app ya mkopo inayomtumia meseji za vitisho juu ya hao kondoo. Ni wake.

Na kuna kitu kinachoniuma zaidi. Sisi watu wa Uthiru tumezungukwa na watu wanaojua mambo ya mifugo kuliko karibu mahali pengine popote Afrika. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, iko hapa Naivasha Road. Iliundwa 1994 kwa kuunganisha taasisi mbili, na moja ya hizo mbili ilikuwa hapa Kabete tangu 1973. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa mifugo pale Upper Kabete. Kuna hata ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa karibu na jiji hili 1910. Huo unaletwa na kupe na si wa miguu, lakini jina limebaki. Yaani dunia nzima ya madaktari wa mifugo inataja jiji letu na kondoo kwa pumzi moja, na mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa sijui tofauti ya maumivu na dansi.

Sasa tuingie kwa kwato.

Kondoo ni mnyama wa kuliwa na wengine. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anachaguliwa na fisi. Kwa hivyo kondoo hapigi kelele akiumia. Anajikaza. Ukimwona anachechemea, ujue ameshindwa kuficha. Ukimwona kichwa kinadunda kila akikanyaga, au amesimama ameinua mguu mmoja, au anakula akiwa amepiga magoti, huyo hana swaga na haombi Mungu. Anaukimbia uzito juu ya mguu unaomuuma. Hiyo ndiyo lugha yake yote. Hana nyingine.

Ugonjwa uliowapata wa shosho ni wa kuoza kwato. Daktari alitueleza hivi, na nimesoma baadaye nikaona ni hivyo. Mvua ikinyesha sana, kondoo anasimama kwa matope na mavi siku nzima. Ile ngozi laini katikati ya vidole viwili vya kwato inalowa, inakuwa kama vidole vyako ukifua nguo kutoka asubuhi mpaka saa nane. Ngozi ikilegea, kuna bakteria wa kawaida wa kwenye mavi wanaoingia. Hapo utaona wekundu au weupe wa unyevu katikati ya vidole, na bado hakuna harufu. Ikiishia hapo ni heri. Lakini kama kwenye kundi kuna kondoo aliyebeba yule bakteria mwingine, mwenye jina refu la Dichelobacter nodosus, huyo anaingia kwa mlango ulioachwa wazi na kuanza kula gamba la kwato kutoka ndani. Gamba linaachana na nyama. Hapo ndipo unasikia ile harufu. Ukiinusa mara moja hutaisahau, na hutahitaji mtu akuambie ni nini.

Sikiza sasa hii sehemu, juu ndiyo ilinibadilisha akili. Yule bakteria mkubwa hawezi kuishi muda mrefu nje ya mguu wa kondoo. Kwa nyasi na matope anadumu siku chache tu, wiki mbili hivi kwa kawaida. Nyumbani kwake hasa ni kwa kwato. Maana yake ni kwamba matope hayakuwa stoo ya ugonjwa. Stoo ilikuwa yule dume wangu anayedansi. Kila siku niliyomwacha atembee na wenzake, alikuwa anaacha ugonjwa njiani na wenzake wanaukanyaga. Siku kumi na tisa. Hesabu mwenyewe.

Kwa nini hatukufanya kitu? Nisijifanye ni ujinga wangu peke yangu. Shosho alimwona pia. Aliniambia, "Mzee wangu, ni matope tu, jua likitoka ataachilia." Ananiita mzee wangu kwa sababu nilipewa jina la guka, kwa hivyo kwake mimi ni bwanake mdogo. Na ile ilikuwa wiki ambayo Mathare ilifurika, halafu Mai Mahiu ikaomboleza. Watu walikuwa wanatafuta watu. Nani angefikiria kwato ya kondoo? Mimi nakubali hiyo sababu kwa shosho. Kwangu siikubali, juu mimi nilikuwa na muda wa kuedit video.

Wakati wa tatu alipoanza kuchechemea, shosho alichukua kisu. Hivyo ndivyo wamefanya miaka yote: mguu ukioza, unakata kwato mpaka ufikie palipo pazima, damu ikitoka unajua umefika. Alikata wawili kabla daktari afike. Na hapa lazima niseme kitu kigumu kuhusu mtu ninayempenda kuliko wote: hiyo njia inachelewesha kupona. Sio mimi nasema. Huko Uingereza, wanakofuga kondoo kwa mamilioni, watu walikuwa wanakata kwato vivyo hivyo kwa vizazi. Halafu watafiti wakafanya jaribio lililochapishwa 2010, wakalinganisha kondoo waliodungwa antibiotiki na wale waliokatwa kwato. Waliotibiwa kwa sindano na dawa ya kupuliza bila kukatwa, wengi walipona ndani ya siku kumi. Waliokatwa walichelewa. Ukifikiria ina maana. Nani anatibu kidonda kwa kukikata zaidi? Na kile kisu kikitoka mguu huu kikaingia mguu ule bila kuoshwa na dawa, wewe ndiye umekuwa bakteria.

Nilimwambiaje shosho? Sikumwambia. Daktari ndiye alimwambia, na alijua kuongea na mtu mzima. Alisema, "Cucu, umewatunza hawa miaka mingi kuniliko. Sasa tuwapumzishe kisu kidogo, tuone." Shosho akakunja kisu akaweka kwa mfuko wa aproni. Wale wawili waliokatwa ndio walichukua muda mrefu zaidi kupona. Hakuna aliyesema kitu, lakini sote tuliona.

Daktari alipouliza imeanza lini, shosho alisema, "Juzi juzi." Ndio nikatoa simu. Nikamwonyesha video. Aliitazama mara mbili bila sauti, akaangalia tarehe, akasema, "Kijana, hii ulikuwa nayo wakati wote?" Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Alichofanya kilikuwa hivi. Kila kondoo anayechechemea alikalishwa kwa matako kama mtu, mgongo ukiegemea miguu ya mshikaji. Hapo anatulia, jaribu utaona. Tukaosha mguu kwa maji, tukaangalia katikati ya vidole, tukanusa, tukalinganisha na mguu mzima. Akadunga antibiotiki ya aina inayokaa mwilini muda mrefu, kipimo kwa uzito wa mnyama, akapuliza dawa ya rangi kwenye kidonda. Akawatia alama kwa rangi ili tujue nani alitibiwa na mguu gani. Akasema wasimame mahali pakavu. Halafu akatuonya: nyama ya huyu isiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwa lebo ya dawa ziishe. Shosho aliandika tarehe kwa ukuta wa choo na chokaa. Bado iko hapo.

Sasa, kabla ukimbie agroveti ukanunue chupa ya sindano ujidungie, ngoja. Sio kila kuchechemea ni kuoza kwato, na hii ndiyo sababu nasema "aangaliwe" kabla ya "atibiwe". Hapa mtaani mjengo hauishi, kwa hivyo kuna misumari, waya na vigae vya chupa kila mahali. Mmoja kati ya wale watano hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na kipande cha waya wa kufungia vyuma kimeingia kwato. Kilitolewa na koleo, kidonda kikaoshwa kwa dawa, kesho yake akatembea. Kama tungemdunga tu, tungepoteza dawa na waya ungebaki. Kuna kupe wanaojificha katikati ya vidole, wakiacha kidonda kinachogeuka jipu. Kuna kwato iliyokua ndefu ikajipinda. Na ukidunga ovyo kila wakati, kipimo cha kukisia, unafundisha bakteria kuzoea dawa, na hiyo dawa ni ndugu wa zile unazopewa wewe ukiwa mgonjwa. Tafuta daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa na bodi yao. Muulize leseni bila aibu. Unamuuliza fundi wa simu waranti, sembuse huyu.

Na kuna moja inayotisha zaidi. Kondoo wengi wakianza kuchechemea kwa pamoja, siku moja au mbili, wakiwa na homa, na ukifungua mdomo unaona malengelenge au vidonda, au ng'ombe wa jirani anadondosha mate, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa kondoo vidonda vya mdomoni vinaweza kuwa vidogo usivione, ukabaki unaona miguu tu. Hapo usimhamishe mnyama hata mmoja. Piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria, si wa kumalizana na jirani kwa ua.

Mnakumbuka Desemba 2024, serikali ilipotangaza itachanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya huo ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya ugonjwa mwingine unaoitwa PPR? Mtandao ulijaa utani na uvumi. Kuuliza maswali ni haki yako, mimi pia niliuliza. Serikali inapaswa kujibu kwa data na sio kwa ukali. Lakini nilipokuwa nasoma zile komenti nilijikumbuka. Wengi waliokuwa wanaandika hawajawahi kumkalisha kondoo kwa matako wakanusa mguu wake. Ni rahisi kuchekea ugonjwa ambao hujawahi kuunusa.

Sasa yule dume. Baada ya daktari kuondoka, jirani mmoja alinivuta kando. Akaniambia, "Huyo mnyonge muuze Jumanne sokoni. Asubuhi mapema, kabla watu waone mguu. Utarudisha pesa yako." Tulikuwa tumemnunua shilingi elfu kumi na nne. Nusu yake ilikuwa yangu, doo ya kazi ya video za harusi. Nitakuwa mkweli: niliifikiria usiku mzima. Halafu nikaelewa ni vipi sisi wenyewe tulimpata. Mtu fulani, mahali fulani, aliamka mapema kabla watu waone mguu.

Hapo ndipo ugonjwa huu unaishi kwa kweli. Kati ya mkulima na mkulima. Tumeshasema hauishi sana kwa udongo. Unasafiri kwa gari la mizigo, na dereva wake ni mtu anayesema, "Si shida yangu tena." Kumuuza kondoo mgonjwa kwa mfugaji mwingine bila kumwambia ni kumtumia bili ambayo hajui imetoka wapi. Sisi vijana tunapiga kelele kuhusu watu wakubwa wanaotupa shida zao kwa mgongo wa wengine. Sawa. Basi tuanze na kondoo.

Hatukumuuza. Alitibiwa, akapona, na shosho akatoa sheria: akirudia tena na tena, ataenda kuchinjwa siku za dawa zikiisha, hatakuwa baba wa kundi. Hiyo pia ni kanuni. Anayeugua kila msimu si wa kubembelezwa, ni stoo ya ugonjwa yenye miguu minne.

Nasikia mtu akisema, "Wewe unaongea juu una pesa ya daktari." Hii ndiyo hoja nzito na siwezi kuiruka. Daktari si bure. Tulimlipa pamoja na dawa karibu elfu sita kwa wote, na haikuwa rahisi, tulichanga watu watatu. Lakini angalia hesabu. Tungemwita siku ya kwanza, angetibu mnyama mmoja. Tulimwita siku ya kumi na tisa, akatibu watano, na mtoto alikuwa njiani kufa. Wale majike walikonda mpaka mbavu zikaonekana, na kondoo aliyekonda Desemba hauzwi bei yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kondoo ni ghali. Na majirani wanaweza kuungana. Sasa hivi nyumba nne hapa kwetu tunamwita daktari pamoja, tunagawana nauli yake.

Huko Uingereza baraza lao la ustawi wa mifugo lilisema 2011 kwamba ndani ya miaka kumi, kondoo wanaochechemea wakati wowote wasizidi asilimia 2. Asilimia 2! Kwa kundi la kumi na mmoja, mmoja tu ni asilimia 9. Yaani kwa mfugaji mdogo kama shosho hakuna idadi ndogo ya kuchechemea. Mmoja tayari ni dharura.

Na kinga ni rahisi kuliko nilivyodhani. Haya ndiyo tunayofanya sasa.

Mnyama mpya hachanganyiki na wengine kwa wiki nne. Hata ploti ikiwa ndogo, tunamfunga upande wa pili wa choo, tunamhudumia wa mwisho, halafu tunaosha gambuti. Kabla ya kununua, tunamkalisha na kunusa miguu yote minne pale pale sokoni. Muuzaji akikasirika, hiyo ni habari tosha.

Mahali wanapolala tumeinua. Binamu yangu alipata mbao za mjengo na tukatengeneza sakafu yenye nafasi, mavi yanaanguka chini. Kama huna mbao, weka maranda makavu na uyatoe yakilowa. Pale wanapokunywa maji, ndipo matope mengi huwa, tulimwaga kokoto na chokaa.

Msimu wa mvua tuna josho la miguu. Karai pana, maji, na zinki salfeti kwa kipimo cha asilimia 10, yaani kilo moja kwa lita kumi. Miguu safi inaingia, wanasimama dakika kadhaa, halafu wanaenda mahali pakavu mpaka dawa ikauke. Ukiwatoa hapo ukawarudisha kwa matope umeosha pesa. Wengine hutumia fomalini. Isizidi asilimia 3, na iwe nje kwenye hewa, juu inachoma macho na kifua chako na inamuuma kondoo mwenye kidonda. Na tafadhali, kaa mbali na mrututu. Huo ni shaba, na shaba ni sumu kwa kondoo kwa kiasi ambacho ng'ombe hajali. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe kondoo chumvi ya madini ya ng'ombe. Soma mfuko.

Kwato hatukati ovyo. Iliyokua ndefu inapunguzwa kidogo tu, mguu ukiwa mzima, bila damu.

La mwisho ndilo la bure kabisa. Kila asubuhi shosho anafungua geti nusu tu, kondoo watoke mmoja mmoja, naye anakaa kwa kiti chake anaangalia miguu. Haangalii sura, anaangalia miguu. Inachukua dakika mbili. Akiona mmoja anakanyaga vibaya, ananipigia, "Mzee wangu, njoo na hiyo simu yako." Napiga video, namtumia daktari na tarehe, na mara nyingi tunajua la kufanya kabla ya saa nne. Simu ni ile ile. Ni mtu aliyeishika ndiye amebadilika kidogo.

Ile video ya dansi sijaifuta. Nimeizima ngoma, na juu yake nimeandika: "Huyu alikuwa anaumwa na sikujua. Siku ya 1 kati ya 19." Imepoteza watazamaji, watu wanapita. Ni sawa.

Lakini kama hapo kwenu kuna shosho, mjomba au jirani mwenye kondoo, kesho asubuhi amka dakika mbili mapema, usimame kwa geti wakitoka. Usirekodi kwanza. Angalia miguu.